Mwaka Tuliorudia Picha

Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu aliinama kumwambia mwenzake, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, "Si ndiye yule refa aliyeumbuliwa na video?" Ilikuwa siku ya pili ya msiba wa Maalim Khalfan. Chumba cha wanawake kilijaa mpaka mlangoni, misahafu inapokezanwa, vikombe vya kahawa vinapokezanwa, na mie nilikuwa nimetoka Maskati baada ya sala ya alfajiri kuja Ibra, mji wetu wa zamani, kwa ajili ya mtu huyo. Nilitaka kumgeukia yule mwanamke nimwambie mambo hayakuwa hivyo. Lakini hakuna anayesimulia mechi ya mpira mbele ya mjane, basi nikameza kahawa yangu na kauli yangu pamoja. Bi Thuraya, mke wa Maalim, alikuwa amekaa kwenye godoro lake la eda. Aliponiona alinishika mkono, asiuachie kwa muda, akasema tu, "Umekuja, Zahra." Njiani kurudi nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimuelekeze nani. Miaka kumi na saba imepita, mtu kafundisha watoto wa mji mzima, kachezesha mpira miaka thelathini na kitu, na watu wamebakiza kwake sentensi moja tu, nayo si ya kweli. Mwenye kosa ndani ya sentensi ile ni mie.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, nafanya kazi kwenye studio ya video ya harusi. Ilikuwa ya wanawake peke yao, kwa sababu upande wa wanawake haingii mwanamume na kamera. Nilipiga picha maharusi wa Ibra, wa Mudhaibi, mara nyingine mpaka Sur, na mchana nilikaa mbele ya kompyuta nakata na kuunganisha. Nilikuwa mwepesi. Ukiniambia nikutafutie dakika ambayo mama wa bwana harusi alipiga kigelegele, nilikupa kabla hujamaliza kukaa. Sifa hiyo ikafika kwa kamati ya mashindano ya mpira ya timu za mitaa na vijiji. Mwenyekiti wao, Bwana Hamed, muuza magari mwenye sauti ya kubembeleza, alikuja studio akasema wanataka kufanya jambo ambalo hata wakubwa wa mpira wa dunia hawajalifanya. Kwenye hoki na kriketi walikuwa wameanza, yeye ameliona kwa macho yake alipokuwa safarini: refa akitatizika anaonyeshwa picha, kisha anaamua. Sasa na sisi tutafanya, kila Alhamisi baada ya alasiri. Nyumbani waliniruhusu kwa sharti moja, kwamba shangazi yangu, Bi Moza, afuatane nami.

Tulipewa chumba chini ya jukwaa la watazamaji. Kilikuwa stoo: nyavu kuukuu pembeni, magunia ya chokaa ya kuchorea mistari, kiyoyozi kinachodondosha maji ndani ya ndoo. Kulikuwa na dirisha moja la kioo linalotazama uwanja, upande wa machweo, na kando yake meza yenye kompyuta yangu na nyaya mbili ndefu. Waya mmoja ulikwenda kwenye kamera iliyokuwa juu ya jukwaa, katikati ya uwanja. Wa pili ulikwenda kwenye kamera ya golini, aliyoishika Shaji, Mhindi wa Kerala mwenye duka la picha jirani na studio yetu, aliyekuwa mpiga picha mzoefu kuliko sote na asiyependa mpira hata kidogo. Shangazi alileta jamvi lake, chupa ya chai ya maziwa na iliki, kopo la vitumbua, na kofia aliyokuwa akiishona vitundu kwa sindano. Alikuwa na miwani miwili, mmoja wa kofia na mmoja wa mpira. Hakukubali kamwe kwamba anautazama mpira.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Kila nahodha ana haki ya kuomba picha irudiwe mara moja katika kila kipindi. Akiomba, refa anakuja dirishani, mie namgeuzia kompyuta, anatazama, anaamua mwenyewe. Maalim Khalfan alikuja kutusalimia siku ya kwanza, mrefu, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ina makali. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa Kiswahili cha bara alikozaliwa, kwa maana wazee wake walikuwa Waomani waliokaa Burundi huko. Shangazi, ambaye ni wa Unguja na haogopi mtu, akamuuliza, "Maalim, huoni haya kusahihishwa na msichana mbele za watu?"

"Mimi ndiye niliyeiomba hii, Bi Moza," akasema. "Niliandika barua kamati miaka miwili nyuma. Bwana Hamed kaiona safarini, lakini barua ni yangu." Kisha akatusimulia, amesimama hapohapo mlangoni. Kulikuwa na mechi moja Mudhaibi ambapo alimtoa kijana kwa kadi nyekundu kwa kumpiga mwenzake kiwiko. Miezi baadaye, nyumbani kwa watu, akaona mkanda aliopiga jamaa mmoja kwa kamera yake ndogo. Yule kijana hakumgusa mtu. "Nikamwendea kumtaka radhi, akanisikiliza, akaondoka. Hajacheza tena. Sasa we niambie, haya ipi kubwa, ya msichana au ya yule kijana?" Shangazi akamkaribisha kitumbua.

Wiki za mwanzo ndizo ninazozikumbuka kwa furaha, na ninazikumbuka kwa uchungu vilevile kwa sababu zinathibitisha kwamba jambo lile lingewezekana. Mechi ya tatu au ya nne, Maalim alitoa penalti. Nahodha wa upande wa pili akaomba picha. Uwanja mzima ukazomea kungoja, maana kurudisha nyuma kulikuwa kunachukua dakika nzima na zaidi. Maalim akaja, akavua kofia, akaweka mikono kuzunguka macho ili azuie mwanga, nikamwonyesha kutoka kamera ya Shaji. Akaniuliza, kama alivyokuwa akiniuliza kila mara, "Umeona nini?" Nikasema, "Kajiangusha." Akatazama tena, akasema, "Kweli, nimekosea," akarudi uwanjani mbio, akaifuta penalti yake mwenyewe kwa mkono ulionyooka. Watu wakapiga makofi, wa pande zote mbili. Sijaona tena mpira wa mitaani ambako watu wanampigia refa makofi. Baada ya mechi alikuja kunywa chai nasi, kavaa kanzu, uso umemchangamka. Akasema, "Miaka yote wananiita mwizi. Leo wameniona mtu aliyekosea tu."

Laiti ingebaki hivyo. Lakini ukuta wa stoo ile ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake ndipo kamati walipokuwa wakinywa kahawa. Walizungumza Kiarabu wakiwa wengi. Bwana Hamed akibaki na katibu wake, wote wawili watoto wa watu wa Unguja, walihamia Kiswahili, wakiamini hiyo ndiyo njia ya kufungia mlango. Wiki ya fainali, mie na Shangazi tumekaa jamvini, tukamsikia Bwana Hamed akisema, "Wageni wanataka picha zao. Safari hii ile kamera ya golini ipelekwe kwenye hema la wageni."

Katibu akasema, "Na ukitokea utata golini?"

"Kuna ile ya juu. Na Maalim si anaiamini mashine? Basi aiamini." Wakacheka. Kisha akasema, "Mwakani tutafute refa anayesikia."

Sindano ya Shangazi ilisimama. Akanitazama juu ya miwani, akaninong'oneza, "Nenda ukawaambie." Nikaenda. Niligonga mlango, nikasema kwa adabu zote nilizofunzwa kwamba kamera ya juu peke yake haioni mstari wa goli, mlingoti unauficha, na kwamba wageni naweza kuwapiga picha kabla ya mechi na baada yake. Bwana Hamed alitabasamu. "Binti yangu," akasema, "kazi yako wewe kubonyeza. Mambo ya kamera wapi, tuachie sisi." Nilirudi nikakaa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa Maalim. Nilijiambia si mahali pangu. Nilijiambia labda hautatokea utata.

Fainali ilikuwa baina ya timu ya mjini, ambayo Bwana Hamed ni wa mtaa wao na hakuficha, na timu ya kijiji kimoja kidogo cha njia ya Sinaw, watu wa ngamia na mbuzi, jezi zao za manjano zimepauka kwa jua. Hema la wageni lilipigwa pembeni kabisa, karibu na kona, lina mazulia na sinia za halwa. Shaji alipelekwa huko kuwapiga picha waheshimiwa wakila. Mechi ilikuwa suluhu mpaka dakika za mwisho, ndipo nahodha wa manjano, kijana aitwaye Saif, alipopiga mpira kwa kichwa, ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukatoka. Maalim alikuwa karibu. Alipuliza filimbi akaonyesha katikati: goli. Wale wa manjano wakaangukiana. Nahodha wa mjini akaomba picha.

Nilirudisha nyuma. Kwenye picha palikuwa na mlingoti, na mpira ulipotea nyuma ya mlingoti kwa nukta moja, kisha ukatokea. Basi. Hakukuwa na kingine. Bwana Hamed alikuwa ameingia chumbani, kwa mara ya kwanza msimu ule, amesimama nyuma ya kiti changu na harufu yake ya udi. Nikarudia. Nikarudia tena. Nje walikuwa wakipiga chupa za maji kwenye mabati. Bwana Hamed akasema, "Haukuingia. Unaona? Haukuingia. Sema, watu wanangoja." Maalim alifika dirishani. Jua lilikuwa linapiga kioo, naye akaweka mikono kuzunguka macho kama kawaida, lakini niliona wazi kwamba haoni kitu, anaona jua na uso wake mwenyewe tu. Akasema, "Zahra, sioni. Umeona nini?"

Nikasema, "Haukuingia, Maalim."

Alinitazama kidogo, au alilitazama dirisha, sijui. Kisha akageuka akaenda akalifuta goli. Saif alimjia mpaka usoni, hakumgusa, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Mechi ikaisha suluhu, wakapiga penalti, mjini wakachukua kombe. Wa manjano walimtupia Maalim chupa alipokuwa akitoka. La kuudhi zaidi ni wale walioshinda: nao walimwimbia kwamba ni kipofu, kwamba ameokolewa na mashine. Shangazi alikusanya jamvi lake. Garini akaniuliza, "Wewe uliiona?" Nikamwambia, "Kamera haikuona." Akasema, "Sikukuuliza kamera."

Wiki mbili baadaye nilikuwa studio natengeneza mkanda wa kumbukumbu kwa wageni. Sinia, vicheko, mzee anapangusa mdomo. Shaji alikuwa amesimama mwisho wa hema, anawapiga picha wageni kwa ubavu, safu nzima, na nyuma ya vilemba vyao, kwa mbali, ndipo lilipo goli, limenyooka na mstari wake kama rula. Sikuwa natafuta kitu. Niliona mgeni mmoja anageuza kichwa ghafla kutazama uwanja, nikatazama anakotazama. Mpira uligonga mwamba ukadunda ndani, mbali ndani, ukaacha nafasi ya kuweka mguu baina yake na mstari, kisha ukatoka. Nilimwita Shaji aje aone. Aliutazama, akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunja, "Goli hii. Kwa nini wao kusema hapana?" Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili asinisikie.

Bwana Hamed nilimkuta ofisini kwake, baina ya magari mapya yenye plastiki kwenye viti vyote. Nilimwonyesha. Aliutazama mara moja tu. Nilidhani ataona haya, lakini akasema kwa upole, "Kombe limeshakabidhiwa. Wageni wameshakwenda. Unataka kuleta fitna ya nini? Kikate kipande hicho." Nikamwambia Maalim anatukanwa mjini. Akasema, "Maalim mtu mzima, atastahamili." Nilitoka pale. Sikukikata. Nilikinakili, na kesho yake mie na Shangazi tukaenda nyumbani kwa Maalim.

Sebule yao ilikuwa ndogo, mito ya rangi ya damu ya mzee imezunguka kuta tatu, televisheni juu ya kabati la vitabu vya shule. Bi Thuraya alileta mandazi na maharage ya nazi, akaona nyuso zetu, akakaa. Niliweka mkanda. Maalim aliutazama mara tatu, kisha akachukua rimoti akazima. Nikasema, "Nisamehe, Maalim." Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

"Mimi niliuona ukiingia," akasema. "Nilikuwa hatua nne. Nilipuliza kwa kuwa niliuona."

"Sasa kwa nini ulilifuta?" Shangazi akauliza.

"Kwa sababu nilikuwa nimesema nitaiamini picha. Ningeikataa siku hiyo, wangesema naiamini ikinipendeza tu." Alinigeukia. Hakuwa mkali, na ningependa angekuwa mkali. "Lakini wewe nilikuuliza umeona nini. Ulikuwa umeona nini?"

"Mlingoti."

"Basi ungesema mlingoti. Ungesema, Maalim, sioni. Ningebaki na macho yangu."

Hakuna somo nililofundishwa na kuniingia kama lile, na nimelitumia kila mahali nilipofanya kazi tangu hapo, hata pale nilipochukiwa kwalo. Nasema sijui. Nasema haionekani. Wakubwa hawalipendi jibu hilo. Wanataka ndiyo au siyo, wanangoja, wamesimama nyuma ya kiti chako. Wakati ule lakini sikuwa na hekima yoyote, nililia tu kwenye sebule ya watu, na Bi Thuraya ananisukumia mandazi.

Tuliandika barua, Maalim yake na mie yangu. Yangu ilisema kwamba picha ya fainali haikuonyesha kitu, kwamba nilitamka nisilolijua, na kwamba ipo picha nyingine. Nilitia sahihi jina langu kamili. Kamati walikutana siku ya Jumatatu na matokeo yalitufikia Jumatano. Kombe litabaki lilipo. Marejeo ya picha yamefutwa kwa kuwa yanaleta fitna baina ya ndugu. Maalim Khalfan anashukuriwa kwa utumishi wake wa muda mrefu. Wiki hiyohiyo mwenye studio aliniita akaniambia, anatazama kucha zake, kwamba harusi tatu za ukoo wa Bwana Hamed zimeombwa zipigwe picha na mtu mwingine, na kwamba labda nipumzike. Nilipumzika. Kilichonikera hasa si kazi. Ni kule kuilaumu mashine. Walikuwa wameing'oa jicho, wakaiuliza inaona nini, kisha wakasema ni kipofu, na mji mzima ukakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumlaumu mtu.

Maalim akasema wale vijana wa manjano wana haki ya kuambiwa na yeye mwenyewe. Tukaenda kwa gari lake, Bi Thuraya mbele, mie na Shangazi nyuma na kopo la vitumbua baina yetu. Tulipita Mudhaibi, tukateremka njia ya Sinaw mpaka mchanga ukaanza kuingia barabarani. Walitupokea uwanjani kwao, ardhi tupu yenye milingoti ya mabomba, baada ya mazoezi. Sisi wanawake tulibaki garini, vioo tumeteremsha. Maalim alisimama mbele yao na kanzu yake safi akawaambia kwa Kiarabu, polepole kama mwalimu, kwamba goli lilikuwa goli, kwamba aliliona, akalifuta, na picha imetokea. Hakunitaja. Hakuitaja kamati. Vijana walisikiliza mpaka mwisho. Saif alikuwa amekaa juu ya mpira.

"Sisi tulijua siku ileile, ustadhi," Saif akasema. "Hilo umekuja kujiambia mwenyewe."

Maalim akaitikia kwa kichwa. Baba yake Saif, mzee wa kibedui aliyekuwa amesimama kando, akamkaripia mwanawe kwa jicho, akatukaribisha sote kahawa. Sisi tulipelekwa kwa wanawake, tukala tende na maziwa ya ngamia, wakatuuliza habari za Ibra, wala hakuna aliyetaja mpira. Tulikaa muda wa heshima, kisha tukaaga.

Maalim aliendesha, macho barabarani. Bi Thuraya alimtazama mara mbili tatu, akamwacha. Tulipokaribia Mudhaibi akasema, kama anayejibu swali lililoulizwa sasa hivi, "Yule kijana ana haki." Halafu akasema, "Kamera mbili hazitoshi. Moja kila goli, na moja juu. Tatu. Nitawaandikia, waanze mwakani." Shangazi, ambaye hakuwa amempenda mtu upesi maishani mwake, akamwambia, "Waandikie, Maalim. Zahra atakusaidia kupanga wapi zikae." Nikasema ndiyo, nitasaidia, na tukaanza hapohapo garini kupanga.

Aliandika mwaka ule, na mwaka uliofuata, na wa tatu. Hawakumjibu hata mara moja.